Annette Kellerman: Aliyeyavulia Maji Nguo

Mwaka wa 1975 yalipita mambo mawili katika nchi ya Australia. La kwanza, serikali ya jimbo la Australia Kusini iliuruhusu rasmi ufuo wa Maslin, ulio kusini ya mji wa Adelaide, utumiwe na watu watakao kuoga uchi, na ukawa ndio ufuo wa kwanza wa namna hiyo kuhalalishwa katika nchi ile. La pili, tarehe 6 Novemba, katika mji wa Southport, jimbo la Queensland, alifariki ajuza wa miaka 89 aliyeitwa Annette Kellerman, ambaye katika ujana wake jina lake lilivuma London, Paris na New York kama yavumavyo leo majina ya wacheza mpira.

Wako waandishi wanaoyafunga mambo haya mawili kamba moja. Kwao wao, bibi huyu ndiye aliyeufungua mlango: yeye aliipunguza nguo ya kuogelea, waliokuja nyuma yake wakaipunguza zaidi, mpaka ikafika siku isibaki nguo. Nimemsoma bibi huyu kwa muda, kwani kila akaaye pwani yetu hii hulazimika siku moja kujiuliza swali la nguo na maji, na rai yangu ni kuwa hesabu yao haikukaa sawa. Pana mahali wamemdhulumu, na pana mahali hawakumdhulumu. Nitayaeleza yote mawili, kisha msomaji uamue.

Kabla ya kumfikia mwenyewe hapana budi tuitazame nchi aliyozaliwa. Wenyeji wa asili wa pwani ya Sydney, kabla Waingereza hawajashuka mwaka wa 1788, walikuwa wavuvi na waogeleaji, na bahari wakiiingia kama walivyozaliwa. Waingereza walikuja na nguo zao na kuwashangaa wenyeji. Walakini haukupita muda mrefu askari na mabaharia wao wenyewe wakawa wanaoga bandarini mchana kweupe, hata mwaka wa 1810 gavana Lachlan Macquarie akatoa amri ya kukataza kuoga kwenye gati ya serikali. Mwaka wa 1838 ikapitishwa sheria kuwa mtu asioge mahali pa kuonekana na watu tangu saa kumi na mbili za asubuhi hata saa mbili za usiku. Hebu fikiri, msomaji: nchi ya jua, bahari iko mbele ya mlango, na mtu haruhusiwi kuingia majini ila alfajiri au gizani!

Sheria hiyo ilikaa zaidi ya miaka 60. Aliyeitikisa ni mwenye gazeti mmoja wa mtaa wa Manly, William Gocher, aliyetangaza mwaka wa 1902 kuwa ataoga baharini adhuhuri, na akaoga. Mwaka uliofuata halmashauri ya Manly ilikubali watu waoge mchana, kwa sharti kuwa muogaji avae nguo ya kumfunika toka shingo hata magoti.

Katika nchi hiyo ndimo alimozaliwa Annette, tarehe 6 Julai 1886, mjini Sydney. Baba yake, Frederick, alikuwa mpiga fidla. Mama yake, Alice Charbonnet, alikuwa Mfaransa mpiga piano na mwalimu wa muziki. Nyumba ilikuwa ya nyimbo na wageni, lakini mtoto alikuwa na miguu dhaifu, na alipokuwa na umri wa miaka kama sita alifungwa vyuma ili miguu isipinde. Mwenye kuona mtoto amefungwa vyuma miguuni ajua hali yake: wenziwe hukimbia, yeye hukaa kizingitini akawatazama.

Tabibu alishauri apelekwe kuogelea. Akapelekwa kwenye mabwawa ya akina Cavill, ukoo mashuhuri wa waogeleaji wa Sydney. (Nami sitaki kupita hapa bila kusema kuwa mtindo wa kuogelea uliowapa sifa Waaustralia duniani, ule wa mikono kupishana na miguu kupiga maji, watu wa Sydney waliuona kwa kijana Alick Wickham, mzaliwa wa visiwa vya Solomon, aliyeogelea kama walivyoogelea watu wa kwao. Mara nyingi sifa huenda kwa aliyetia jina, si kwa aliyekuja na kitu.) Majini yule mtoto wa vyuma alikuwa mtu mwingine. Alipofika miaka 13 miguu yake ilikuwa imenyooka, na mwaka wa 1902 alishinda mashindano ya wanawake wa New South Wales, ya yadi 100 na ya maili moja. Maili ile aliimaliza kwa muda wa chini ya dakika 34.

Basi mshike hapo, msomaji, kwani ndipo penye mzizi wa maneno yote. Kwa bibi huyu maji hayakuwa mchezo wa pwani wala mahali pa kujionyesha. Yalikuwa dawa. Chochote kilichomzuia kuogelea, hata kiwe ni nguo, alikitazama kama alivyovitazama vile vyuma.

Mambo ya nyumbani hayakuwa mazuri. Wazazi walihamia Melbourne, mama akafundisha muziki katika shule ya wasichana, na binti akapata kazi ya kuogelea pamoja na samaki ndani ya tangi la kioo, mara mbili kwa siku, watu wakilipa kumtazama. Mwaka wa 1905 yeye na baba yake walipanda meli kwenda Uingereza kutafuta riziki. Huko hakuna aliyewajua. Baba akaona njia ni kumwingiza binti katika mto Thames, aogelee kati ya jiji la London toka Putney hata Blackwall, ndani ya maji machafu na baina ya mashua za mizigo. Alifika, na kesho yake jina likawa magazetini.

Gazeti la Daily Mirror likamlipa ajaribu kuuvuka mlango wa bahari baina ya Uingereza na Ufaransa. Mara tatu alijaribu, na mara tatu bahari ikamshinda. Mwenyewe alikiri kuwa ustahimilivu alikuwa nao ila nguvu hazikutosha. Hakuna mwanamke aliyefaulu mpaka mwaka wa 1926, alipovuka Gertrude Ederle wa Marekani. Lakini mimi kinachonishughulisha katika safari zile ni jambo moja dogo ambalo wengi hulipita mbio. Wanaume walioshindana kuuvuka mlango ule waliingia majini uchi, miili imepakwa mafuta tu, na hapana aliyeona vibaya. Annette alilazimishwa avae. Nguo ile ikawa inamsugua makwapani saa baada ya saa, na chumvi ya bahari inaingia, hata alipotolewa majini ngozi ilikuwa imechunika. Uchi wa mwanamume ulihesabiwa ni sehemu ya kazi. Wa mwanamke ungehesabiwa ni fedheha, ijapokuwa yuko maili kadhaa toka nchi kavu na watazamaji wake ni mabaharia wawili watatu na samaki.

Mwaka wa 1906 aliogelea mto Danube, kilomita 36 toka Tulln hata Vienna, akishindana na mwanamke wa Austria ambaye naye alikuwa ameujaribu ule mlango wa bahari mwaka wa 1900. Annette akashinda.

Ikisha likaja jambo la soksi. Klabu moja kubwa ya London ilimwalika aogelee mbele ya Duke wa Connaught na mkewe. Nguo yake ya mashindano ilikuwa ya mvulana, fupi, miguu iko wazi, na akaambiwa kuwa mbele ya jamaa za mfalme miguu mitupu haiwezekani. Angaliweza kuvaa yale mavazi ya wanawake wa wakati ule: blauzi, sketi, suruali pana chini yake, soksi na viatu, vyote vya kitambaa kizito. Lakini ndani ya mavazi hayo mtu haogelei, hukokotwa. Yeye akanunua soksi ndefu nyeusi, akazishonea kwenye ile nguo ya mvulana, ikawa kitu kimoja toka mabegani hata vidoleni. Akasitirika, na akaogelea.

Naomba wanaomshitaki waitazame sana sindano hiyo. Nguo iliyompa jina duniani haikuzaliwa katika kuvua. Ilizaliwa katika kushona, kutafuta njia ya mwanamke kufunikwa na bado mikono na miguu yake imtumikie. Baadaye soksi zilipungua, ni kweli, na nitafika huko.

Mwaka wa 1907 alivuka kwenda Marekani, akafanya maonyesho Chicago, kisha akafika Boston, penye ufuo wa Revere. Lakini kwanza nieleze msiba ulioikuta New York miaka mitatu kabla yake. Tarehe 15 Juni 1904, meli iitwayo General Slocum ilishika moto katika mto ulio kando ya jiji, imechukua jamaa wa kanisa moja la Wajerumani waliokuwa wakienda kutembea. Watu zaidi ya 1,000 walikufa, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Nchi kavu haikuwa mbali. Walikuwa hawajui kuogelea, na hata kama wangalijua, nguo walizovaa zilinyonya maji zikawavuta chini. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kufafanuliwa habari kama hiyo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipopinduka walikufa watu zaidi ya 250, na gati lilikuwa pale pale mbele ya macho yao.

Wamarekani baada ya Slocum walianza kuulizana kwa nini binti zao hawafundishwi kuogelea. Annette alipofika, alikuta watu wanaosikia. Akawa anahubiri kila mahali kuwa mwanamke afundishwe maji kama mwanamume, na avae vazi litakalomwezesha. Hapo ndipo inapokuja hadithi yake iliyo mashuhuri kuliko zote, ya kuwa aliingia ufuo wa Revere amevaa nguo yake ya kipande kimoja, miguu wazi, wanawake wakapiga kelele, askari akamkamata. Mbele ya hakimu alijieleza kuwa kuogelea na zile sketi ni sawa na kuogelea na minyororo. Hakimu akamwachilia, kwa sharti ajifunike joho mpaka ukingo wa maji.

Hadithi nzuri, nayo imerudiwa na kila aliyemwandika. Mwenyewe aliieleza mara nyingi katika utu uzima wake. Walakini watafiti waliopekua magazeti ya Boston ya mwaka ule, ambayo hayakuwa yakiacha uvumi upite, hawakuipata habari hiyo. Mimi nimekaa na watu wa magazeti na watu wa maonyesho maisha yangu yote, na najua hadithi hulishwa ikanenepa. Huenda askari alimwonya tu. Huenda ni ya meneja. Lakini kuwa wanawake walikamatwa katika fuo za Marekani kwa sababu ya nguo zao, hilo halina shaka: iko picha ya mwaka wa 1922, ya mji wa Washington, inayomwonyesha msimamizi wa ufuo amepiga goti mchangani na utepe wa kupimia, apima nafasi iliyo baina ya goti la mwanamke na upindo wa nguo yake. Isizidi inchi 6.

Utepe huo nataka usiusahau, msomaji, kwa maana utamwona bibi huyu akipimwa tena, na mpimaji safari hii si askari. Daktari Dudley Sargent wa chuo kikuu cha Harvard, aliyekuwa na vipimo vya maelfu ya wanawake, alimpima Annette shingo, kifua, kiuno, paja na kifundo cha mguu, akatangaza kuwa hajaona umbo lililokaribia zaidi sanamu ya kale ya Venus wa Milo. Magazeti yakambandika jina la mwanamke mkamilifu. Mwenyewe alikuwa akitania kuwa ukamilifu huo ulikuwa tangu shingoni kwenda chini. Na mwenye majumba ya maonyesho, Edward Albee, yasemekana aliamuru vioo vizungushwe jukwaani ili wanunuzi wa tikiti wamwone mbele na nyuma kwa mara moja. Kwa kila wiki Annette akawa analipwa zaidi ya dola 1,000, fedha ambazo fundi wa wakati ule hakuzipata kwa mwaka mzima.

Hapa ndipo nisemapo kuwa wanaomshitaki hawakumdhulumu kabisa. Alijua kinachouzwa. Waliokuja na watoto wao kujifunza kuogelea walikuwapo, lakini vile vioo havikuwekwa kwa ajili yao. Askari wa ufuo na mwenye jumba la maonyesho walionekana kama mahasimu, mmoja ataka afunike na mmoja ataka afunue, kumbe wote wawili kazi yao ilikuwa moja, kumpima mwanamke na kuamua yeye ni wa kiasi gani. Annette alimshinda wa kwanza, na wa pili akamwajiri.

Mwaka huo huo wa 1907 huko kwao Sydney pakatokea kichekesho ambacho lau kingalitokea Mombasa kingetungiwa wimbo siku ile ile. Halmashauri za pwani zilitaka kuwalazimisha waogaji wote, wanaume kwa wanawake, wavae nguo yenye kijisketi juu yake. Jumapili moja ya Oktoba wanaume kwa maelfu walijaa katika fuo za Bondi, Manly na Coogee. Wengine wamevaa sketi za dada zao, wengine shuka na mapazia, wakaandamana na ndege wa bahari aliyekufa kana kwamba wanakwenda kuzika. Azimio la sketi likafa. Tazama wepesi wake: wanaume walipodhihakiwa kwa kuvikwa sketi, amri iliondoka mara. Mwanamke ndani ya sketi hiyo hiyo alikuwa amezama miaka mingi.

Nisije nikaonekana nasema kuwa kila aliyepinga alikuwa mjinga. Rose Scott, bibi wa Sydney aliyepigania wanawake wapate kura, na aliyekuwa rais wa chama cha waogeleaji wanawake wa New South Wales, alipinga kwa nguvu wanawake wasiogelee mbele ya wanaume. Alikuwa akiwajua wanaume na macho yao. Mwaka wa 1912 chama kilipolegeza amri ili Fanny Durack na Mina Wylie waende Stockholm kwenye Olimpiki za kwanza zilizokuwa na mbio za wanawake za kuogelea, Bibi Scott alijiuzulu. Durack akaja na dhahabu na Wylie na fedha. Mtu aweza kuzifurahia medali hizo na bado akamwelewa Bibi Scott, na nadhani angaliviona vile vioo vya Albee asingeshangaa hata kidogo.

Mwaka huo wa 1912 Annette aliolewa na meneja wake, James Sullivan, wakaishi pamoja mpaka uzeeni. Kisha akaingia sinema. Mwaka wa 1914, katika filamu ya Neptune's Daughter iliyopigwa Bermuda, tangi la kioo lilipasuka yeye na mwelekezi wake Herbert Brenon wakiwa ndani, wakakatwa vibaya na vioo. Halikumtisha. Mwaka wa 1916 ikatoka A Daughter of the Gods, iliyopigwa Jamaica na kutangazwa kuwa imegharimu dola milioni moja. Humo alijitupa baharini toka urefu wa futi 92, akajitupa tena katika dimbwi la mamba, na humo pia, chini ya maporomoko ya maji, alionekana bila nguo, nywele ndefu zimemfunika kiasi. Wanahistoria wa sinema huitaja kuwa mara ya kwanza mchezaji mwenye jina kubwa kufanya hivyo katika filamu kubwa. Filamu yenyewe imepotea, hakuna nakala inayojulikana, zimebaki picha tu.

Tangu chuoni nilisomeshwa kuwa stara ni wajibu, na kisa cha Adamu na Hawaa waliojifunika majani ya Peponi nilikihifadhi kabla sijajua kuandika jina langu. Itikadi hiyo sikuiacha, wala sioni haya kuisema katika ukurasa huu. Kwa hivyo maporomoko ya Jamaica siyatetei. Nionavyo, siku ile alitoka katika hoja yake mwenyewe. Nguo aliyoishona London ilikuwa na sababu ya maji, na ya mlango wa bahari ilikuwa na sababu ya makwapa. Ya Jamaica ilikuwa na sababu ya tikiti. Lakini chuoni huko huko nilisikia riwaya mashuhuri inayonasibishwa na Sayyidna Umar, ya kuwafundisha watoto kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi, na sikumsikia mwalimu akisema kuwa ni watoto wa kiume peke yao.

Mwaka wa 1918 Annette alitoa vitabu viwili, kimoja cha kufundisha kuogelea na kimoja cha afya na uzuri wa mwili. Hakunywa pombe, hakula nyama. Alifungua duka la vyakula vya afya huko California. Wakati wa vita vikuu vya pili alirudi Australia akawatumbuiza askari na kuchangia Msalaba Mwekundu. Mwaka wa 1952 Hollywood ikatengeneza filamu ya maisha yake, akaicheza Esther Williams, na kesi ya Boston ikawekwa ndani kwa mbwembwe zote.

Bikini ilikuwa imekwisha kutokea Paris mwaka wa 1946. Watu wakatazamia kuwa yeye atakuwa wa kwanza kuipongeza. Hakuipongeza. Alisema waziwazi kuwa yaonyesha kupita kiasi na kwamba mkato wake huuharibu mguu hata wa mwenye umbo zuri. Hilo nalo wanaomwita mama wa fuo za uchi hulisahau.

Kwao Australia utepe ulikuwa ungali kazini. Mwaka wa 1935 waziri Eric Spooner wa New South Wales alitoa kanuni kuwa nguo ya kuogelea iwe na miguu isiyopungua inchi 3. Kwa miaka mingi msimamizi wa ufuo wa Bondi, Aub Laidlaw, alikuwa akiwapima wanawake na kuwafukuza waliovaa bikini, hata kanuni ya inchi ilipofutwa mwaka wa 1961. Miaka 14 baadaye ikaja ruhusa ya Maslin, na mwaka wa 1976 jimbo la New South Wales nalo likaruhusu ufuo wa Lady Jane, ndani ya bandari ya Sydney yenyewe. Waliokuwa wakidai fuo hizo hawakuwa wakimtaja Annette wala swali lake la kuogelea. Hoja yao ilikuwa uhuru wa mtu na jua lake. Alikuwa amerudi kukaa Australia mwaka wa 1970. Majivu ya mwili wake, kwa desturi za watu wake, yalitawanywa baharini penye miamba ya matumbawe ya Queensland.

Kama nilivyosema, wako wanaouona mstari mmoja toka kwake hata Maslin. Mimi naona mstari mwingine, nao unatoka Sydney hiyo hiyo. Mwaka wa 2004 bibi mmoja mzaliwa wa Lebanon, Aheda Zanetti, baada ya kumtazama mtoto wa nduguye akicheza netiboli amejifunga hijabu na nguo nzito, alikaa kwenye cherehani akashona vazi jepesi la kuogelea lifunikalo mwili wote isipokuwa uso, mikono na nyayo. Akaliita burkini. Ukiliweka kando ya ile nguo ya soksi ya London, tofauti ni kofia na mikono mirefu. Wasichana wa Kiislamu wa Sydney wakaanza kwenda baharini ambako hawakuwa wakienda, na mwaka wa 2007 mmoja wao akahitimu kuwa mwokoaji wa pwani akiwa amelivaa.

Ama Ufaransa, mwaka wa 2016 mameya wa miji ya pwani, Cannes ikitangulia, walilipiga marufuku vazi hilo. Askari wakawa wanawaendea wanawake mchangani kuwaambia wamevaa mno. Pwani hiyo hiyo ya Ufaransa kuna kisiwa cha Levant, penye kijiji cha Héliopolis ambako tangu mwaka wa 1931 watu huishi na kutembea uchi kwa ruhusa. Tarehe 26 Agosti 2016 Baraza la Dola, mahakama yao kuu ya mambo ya serikali, lilisimamisha katazo la mji wa Villeneuve-Loubet. Laiti Annette angalikuwapo, angaliwatambua askari wale, ijapokuwa utepe wao sasa walikuwa wameushika kinyume.

Na kwetu? Zamani siku ya Mwaka wazee wetu wa kike walikwenda pwani wakaoga na leso zao, wakarudi. Kuoga, si kuogelea. Wako wanawake waliozaliwa hatua 50 toka bahari, wakafua, wakachokoa chaza, wakazeeka, na maji ya kifua hawakuyaingia. Huko Nungwi, Unguja, tangu mwaka wa 2011 kuna mpango uitwao Panje unaowafundisha watoto kuogelea na kumwokoa anayezama, na ili wazee wakubali binti zao wafundishwe, wasichana wameshonewa nguo za kuwafunika mwili mzima, na walimu wao ni wanawake. Nimeziona picha zao. Wamesimama majini mstari mmoja, vilemba vimelowa, wameyakumbatia madumu matupu ya plastiki, kwani somo la kwanza ni kuelea.